Kuijibu c4 kwa Kete Nyeusi: e5 au c5?

Katika sataranji (chesi), mchezaji wa kete nyeusi anayekabiliwa na c4, yaani mweupe akianza kwa kumsukuma askari hadi mraba wa c4, ufunguzi uitwao wa Kiingereza kwa sababu Mwingereza Howard Staunton aliutumia dhidi ya Mfaransa Saint-Amant mjini Paris mwaka 1843, ana majibu mawili yanayostahili kupimwa kwa makini.

Jibu la e5 hukamata eneo la kati mara moja na kuugeuza mchezo kuwa Sisilia iliyopinduliwa (Sisilia ni ulinzi ambao mweusi hujibu e4 kwa c5; hapa ni mweupe anayeucheza), ambamo mweupe ana hatua moja ya ziada. Hatua hiyo si ndogo. Jioni moja hapa Moshi, kijana ninayecheza naye, akiwa na kete nyeusi, alisukuma d5 mapema, tukabadilishana askari, na farasi wake akasimama d5 akilengwa na farasi wangu wa c3 pamoja na askofu wangu wa g2. Badala ya kumrudisha b6, alimtoa farasi wa pili, akampoteza wa kwanza bila fidia.

Jibu la c5 hutuliza mambo, kwa kuwa pande zote mbili hufanana na mapambano huchelewa. Hata hivyo, lina faida ambayo wengi huisahau: mweupe akianza na farasi f3, c5 bado inachezeka, ilhali e5 hapo ni kumtoa askari bure.

Kwa mwenye muda mchache wa kujifunza, ningependekeza c5. Anayependa mashambulizi, na aliye tayari kuzihesabu hatua za d5 kwa uangalifu, achague e5.