Kukodi boti ya tanga visiwani: zipi za kuchukua, ipi ya kuikimbia

Ukianza kutafuta boti ya kukodi kwa wiki moja visiwani, picha zote zinafanana: boti nyeupe, maji maangavu, mtu kajilaza omo, mbele ya boti, na kofia usoni. Aliyeshika usukani huoni. Na huyo ndiye wa kulipia kwanza. Ukubwa wa boti na ulaini wa godoro vije baadaye. Mpangilio wangu umefuata hilo.

Ya kwanza: katamarani, yaani boti ya viwiliwili viwili vilivyounganishwa, pamoja na nahodha. Kama mko watu wanne hadi sita na nusu yenu hamjawahi kulala baharini, msihangaike na nyingine. Katamarani ya futi 40 hivi huzama majini mita 1.2 au zaidi kidogo, wakati boti ya mkuku mmoja (ya kiwiliwili kimoja) ya urefu huo inataka karibu mita 2. Penye matumbawe, tofauti hiyo ndiyo inayowasogeza hadi karibu na mchanga. Tena hailali ubavu upepo ukishika, kwa hiyo kikombe kinabaki mezani. Kasoro zake: kwenda joshi, yaani kuelekea upepo unakotoka, haipendi kabisa, na usiku mawimbi hugonga chini ya sakafu kama mtu anayebisha hodi. Halafu kuna hesabu ambayo watu huisahau: nahodha naye analala na anakula. Boti ya vyumba vinne kwenu ni ya vitatu, isipokuwa iwe na kile kijichumba cha baharia huko omo (ukikiona, utamwonea huruma).

Ya pili: boti ya mkuku mmoja, mkiendesha wenyewe. Raha ya tanga iko hapa, ila ni kwa anayejua. Sehemu nyingi wataomba cheti, au maelezo ya safari ulizowahi kuongoza. Visiwa vya Whitsunday, Australia, hawadai leseni, lakini usidhani ni mteremko: mnafundishwa boti kabla ya kuondoka, mnaripoti kwa redio, na ifikapo saa kumi jioni mnatakiwa muwe mmeshatia nanga. Saa hiyo ina sababu. Jua likiwa juu au mgongoni kwako, maji yanasomeka: buluu iliyoiva ni kina, kijani hafifu ni mchanga, hudhurungi ni mwamba, geuza. Jua likishuka mbele yako, maji yote yanang'aa kama bati na mwamba huuoni mpaka uusikie.

Ya tatu: kununua chumba kimoja kwenye boti yenye nahodha na wageni wengine. Inamfaa aliye peke yake au wawili. Njia huchagui, majirani huchagui.

Ya nne: msafara, boti kadhaa zikifuata boti ya kiongozi. Ni shule nzuri kwa anayejua kidogo na anataka kujua zaidi. Mimi hunichosha kwa kuwa kila ghuba tulivu mnaifikia na umati wenu wenyewe.

Ya mwisho: katamarani kubwa bila nahodha, kwa kundi linaloanza. Bahati mbaya ndiyo inayotamaniwa zaidi, maana gharama ikigawanywa kwa watu wanane inaonekana ndogo. Lakini chombo hicho kina upana wa karibu mita 7, kuta zake zinakamata upepo kama tanga la pili, na mkikwaruza mwamba, dhamana mliyoweka ndiyo inayokatwa kwanza. Nilishawahi kuamka usiku wa manane nikaona taa za pwani zimehama upande. Tulikuwa tunaburura nanga. Kosa lilikuwa la hesabu. Maji yalikuwa mita 6, nasi tukateremsha mnyororo wa mita 20 tukijiona wakarimu. Kanuni ya kawaida ni mnyororo mara tano ya kina, na kina unakihesabu toka omo, si toka usawa wa maji: mita 6 na 1.5 za kimo cha omo juu ya maji ni 7.5, mara tano ni karibu 38. Upepo ukizidi, ongeza.

Kabla ya kulipa chochote, tazama majira. Karibi msimu wa vimbunga huhesabiwa toka 1 Juni hadi 30 Novemba, na punguzo unaloliona la Agosti na Septemba limetokana na hilo. Septemba 2017 kimbunga Irma kilivipiga Visiwa vya Virgin vya Uingereza na kurundika boti za kukodi bandarini kama takataka. Ukiamua kwenda miezi hiyo, soma bima inasema nini safari ikivunjika. Ushelisheli visiwa vikuu viko karibu na ikweta na vimbunga huvipita mbali. Huko unachagua pepo. Kusi ya Mei hadi Septemba ina nguvu na bahari inachafuka. Aprili na Oktoba, kati ya kusi na kaskazi, maji hutulia, lakini msishangae mkiishia kutumia injini. Toka Mahé hadi Praslin ni maili 24 hivi za baharini. Kwa mwendo wa noti 5 (maili 5 za baharini kwa saa) ni karibu saa tano, na mgonjwa wa bahari anazihesabu zote.

Siku ya kukabidhiwa boti usiwe na haraka ya kung'oa nanga. Kampuni moja ilinipa boti iliyong'aa, betri zimekufa. Usiku wa pili friji ikazima na taa ya mlingotini nayo. Kwa hiyo sasa nazima umeme wa gati, nasubiri nusu saa, naangalia kipimo cha betri. Nateremsha mita kumi za mnyororo na kuzipandisha. Nawasha mashine ya kidau mara mbili. Nafunua ubao wa sakafu nichungulie ngama, pale chini kabisa maji yanapokusanyika: yakiwemo, naonja kidogo kwa ncha ya kidole. Yakiwa baridi bila chumvi, tangi linavuja. Yakiwa ya chumvi, mizigo hainipandi humo mpaka waonyeshe yanapoingilia.