Jaketi la mtumba nililolipaka nta mwenyewe: uzoefu wangu baada ya masika

Wacha niwaeleze hii maana wenzangu wa steji wameniuliza sana. Mimi napeleka mizigo na pikipiki, natoka Bamburi naingia mjini Mombasa karibu kila siku, na masika ya mwaka huu ilipoanza nilikuwa nimechoka kabisa na yale makoti ya nailoni, wiki mbili tu yashapasuka kwapani, halafu ukilivaa ndani unalowa jasho sawasawa na vile ungelowa mvua. Sasa nilikuwa na jaketi langu la mtumba nimelinunua Kongowea, pamba nzito kama turubali, nalipenda sana, lakini mvua ikilipata lanyonya maji mpaka lakuwa zito mwilini na kukauka ni siku mbili kwa huu unyevu wetu.

Majaketi ya nta si kitu kipya, Barbour wa Uingereza wako tangu 1894 na walianzia South Shields, mji wa bandari, wakiwauzia mabaharia na watu wa bandarini. Fjällräven, kampuni ya nguo ya Uswidi, nao wana kipande cha nta wanakiuza chenyewe, Greenland Wax, na ndani yake ni vitu viwili tu, parafini na nta ya nyuki. Nikaona ah, hivo vitu si viko hapahapa. (Na parafini hapa si mafuta ya taa, tafadhali msije mkachoma nyumba, ni ile nta nyeupe ya mshumaa wa kawaida.) Ami yangu, ambaye amekula chumvi baharini miaka mingi, nilipomwambia hata hakushangaa, akanambia "mwanangu, sisi chombo twakipaka sifa, yale mafuta ya papa, ili mbao zisinywe maji, wewe wafanya yaleyale kwa nguo."

Nta nilipata kwa muuza asali, robo kilo, na mishumaa paketi moja, vyote pamoja haikufika shilingi 500.

Kosa la kwanza nililofanya, nalitaja kwa sababu naona wengi mtalifanya, nilitumia nta ya nyuki tupu tena nikapaka nene. Nta ya nyuki yayeyuka kwenye nyuzi joto 62 hivi kwa hivo jua haliiyeyushi, lakini inalainika kitambo kabla ya hapo na yenyewe ina ile hali ya kunata. Siku ya kwanza kulivaa nilikwama foleni ya feri Likoni saa saba mchana na jaketi likawa lanata kama ubani, vumbi lote la barabara likaganda mikononi, na abiria niliyembeba akashuka na alama ya manjano kwenye kanzu yake nyeupe. Niliumia sana, nilimlipia dobi. Nyumbani mama akanambia "hili jaketi lanuka mzinga, litoe hapa chumbani."

Kuitoa ile nta iliyozidi nilitandika magazeti juu na chini nikapiga pasi, gazeti lanyonya, wabadilisha jingine, mpaka likaacha kutoa.

Mara ya pili nikachanganya mafungu mawili ya mshumaa kwa fungu moja la nta ya nyuki. Mshumaa ni mkavu zaidi haunati, nta ya nyuki ndo yaupa ulaini usije ukapasukapasuka ukikunja mkono. Kwa joto la Mombasa hicho kipimo ndicho kimenifaa, aliye Limuru huko kwenye baridi anaweza kuongeza ya nyuki. Nilitia kwenye mkebe, mkebe ndani ya sufuria ya maji, ndo nikaweka jikoni. Usiweke nta moja kwa moja kwenye moto hata siku moja, ikishika moto usimwagie maji, funika na kifuniko uzime jiko. Ikishayeyuka nikamimina kwenye kikombe cha plastiki ikaganda kama kipande cha sabuni.

Jaketi lioshwe kwanza, bila ile dawa ya kulainisha nguo, likauke kabisa. Jaribu na tone la maji, likinywewa na kitambaa basi nta nayo itaingia, likibaki juu pengine hicho ni nailoni, usijisumbue. Mimi nililitandaza juu ya mabati saa sita mchana, jua letu hili lina faida yake, kitambaa kikapata moto na nta ikawa yasugulika vizuri bila nguvu. Safu nyembamba tu, kama vile waandika na chaki. Halafu pasi ya moto wa wastani na kitambaa kikuukuu cha pamba juu yake, waona rangi inaiva inakuwa nzito, hapo ujue imeingia. Kama una draya ya nywele ni bora zaidi, pasi yangu mpaka leo yabidi niifute kabla ya kupiga shati. Nikalitundika siku nzima kabla ya kulivaa.

Lakini jambo kubwa nililojifunza, na ndo sababu hasa naandika, usipake jaketi zima. Nta yaziba vitundu vya kitambaa, hewa haipiti, na huku kwetu utapikika humo ndani. Mimi nimepaka mabega, kifua, mikono kwa juu na ile kofia yake, yani pale mvua inapopiga ukiwa juu ya pikipiki. Kwapani, mbavuni na mgongo kwa chini nimeacha kitambaa kitupu. Hapo ndo jaketi likavalika.

Mwezi wa tano nilipigwa na mvua ya kweli kutoka Mtwapa mpaka daraja la Nyali, maji yakawa yateleza kifuani kama juu ya jani la mgomba, shati ndani kavu. Kasoro ilikuwa mishono ya mabega na zipu, huko maji yaliingia, mishono nimeirudia na nta nyingi kidogo ikakaa sawa, zipu haina dawa. Na mvua ikikushika saa nzima bila kuacha itapenya tu, hili si koti la mpira. Kwa mvua zetu zile za kupiga dakika ishirini na kuondoka, silibadilishi na nailoni tena.

Kufua sasa ni kitambaa na maji baridi basi, sabuni na maji moto vyaitoa nta. Na likilowa usilikunje ukalitia kabatini, huku pwani wiki moja tu utakuta ukungu wa kijani, litundike penye upepo.

Kipande changu cha nta nimetumia hata nusu haijafika. Bega la kushoto, pale mkanda wa begi unaposugua, limeshapauka na maji yaanza kunywewa, hilo na viwiko nitavirudia mwezi wa tisa kabla ya vuli.