Mwaka mmoja baada ya kupunguzwa upana wa pua: uzoefu wangu

Mimi ni mkaazi wa Wete, Pemba, na mwaka umeshatimia tangu nilipopunguzwa mabawa ya pua, yaani nyama za pembeni mwa tundu zake, katika hospitali moja binafsi ya Dar es Salaam. Sikutaka kuandika mapema, kwa sababu kovu la upasuaji huu huchukua hata mwaka mzima kukomaa na kufifia.

Nilikwenda na picha ya pua nyembamba niliyoitamani tangu nikiwa skuli. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipiga picha mwenyewe, kwanza uso ukiwa umetulia na halafu nikicheka, kwani mabawa ya pua hutanuka mtu anapocheka. Akapima pia umbali ulioko baina ya pembe za ndani za macho, ambao madaktari wengi huutumia kukadiria upana wa pua, lakini akanitahadharisha kwamba kipimo hicho kilitokana na nyuso za Kizungu, na kwamba uso wangu, wenye midomo iliyojaa na mashavu mapana, ukipewa pua ya kiasi hicho ungeonekana si wangu. Mimi nilitaka milimita 5 kila upande. Yeye alikubali 3 tu. Nyama iliyokatwa hairudi, alisema, ilhali iliyobakia inaweza kupunguzwa tena, na tundu zikibanwa mno hata pumzi hupita kwa shida. Siku ile niliudhika. Leo namshukuru kwa dhati.

Upasuaji wenyewe ulikuwa wa sindano ya ganzi, haukufika saa nzima, na mfupa wa pua haukuguswa. Mkato ulipita kwenye kikunjo ambapo bawa la pua hukutana na shavu, na nyuzi zilitolewa siku ya 7.

Uzito niliukuta katika mambo ya nyumbani. Kuinama kulikatazwa kwa kuhofia damu na uvimbe, kwa hivyo nilisali juu ya kiti, nikisujudu kwa ishara, na kukosa kuweka paji la uso chini kuliniuma kuliko kidonda. Buibui la kuvalia kichwani niliwacha, nikavaa la kufungua mbele. Wahudumu hawakunieleza mapema kwamba ningehitaji kubaki Dar es Salaam mpaka nyuzi zitolewe, na hili ni kosa lao, kwa sababu anayetoka kisiwani hupanga nauli na malazi kwa hesabu.

Mwenye ngozi inayoota makovu ya kuvimba, au mwenye mzazi wa namna hiyo, amwambie daktari kabla ya jambo lolote. Mimi niliulizwa mara mbili. Kovu langu la kushoto lilibakia jeusi kwa miezi kadhaa kwa sababu nilipuuza jua.

Picha za kabla na za sasa ninazo. Za uso uliotulia hazitofautiani sana, na mama anasema haoni kilichobadilika. Za kicheko ndizo zinazonifurahisha, maana pua ni ileile ya upande wa baba yangu, ila haijitandazi tena mpaka mashavuni.