Krimu ya seramidi chini ya AC: uzoefu wangu baada ya miezi minne

Nimekaa na hii krimu miezi minne kamili, chupa ya kwanza imeisha na ya pili nimeshaifungua, kwa hiyo naona sasa naweza kuiongelea bila kukurupuka. Ni krimu nzito ya seramidi, yaani aina ya mafuta ambayo ngozi yenyewe inayo, haina harufu, haina rangi, chombo cheupe cha pampu mililita 250, ukiiona tu hivi haina mvuto wowote. Jina la kampuni sitaji manake krimu za namna hii ziko nyingi na kilichonisaidia mimi ni kilichomo ndani, sio nembo.

Nieleze kwanza nilikuwa na hali gani. Nakaa ofisini masaa nane tisa kwa siku, meza yangu ipo karibu kabisa chini ya AC na ule upepo unanipiga shavu la kushoto kutwa nzima. Asubuhi uso uko sawa, ikifika saa sita mchana ngozi inavuta, nikicheka nahisi kama inataka kuchanika pembeni mwa midomo, na saa kumi hivi vigamba vyeupe vimeshajaa kuzunguka pua mpaka kwenye nyusi. Halafu kilichonichanganya zaidi, paji la uso linang'aa mafuta, yaani mafuta na ukavu kwa wakati mmoja kwenye uso huohuo. Nikajiaminisha kwamba nina ngozi ya mafuta basi nikawa naosha uso kwa sabuni ya kipande mara tatu kwa siku, ile ya tatu naoshea palepale ofisini, na kila nikiosha inavuta zaidi na mimi naona ndio imetakata.

Baadaye nikaja na kichupa cha kupuliza maji usoni. Hiki nakisema kwa uchungu kwa sababu nilikiamini sana. Unapuliza, unasikia raha dakika tano, halafu ukavu unarudi umeongezeka, na wewe unapuliza tena, ikawa ndio kazi yangu kila baada ya saa moja. Kumbe hewa ya AC imeshanyang'anywa unyevu, yale maji unayoyaona yanadondoka kwenye bomba la nje ndio unyevu wenyewe uliotolewa chumbani, kwa hiyo ukijipuliza maji usoni na hujapaka kitu cha kuyafunika yanapaa tu, na ngozi inabaki kavu kama mwanzo au kuzidi.

Nilipoenda kwa daktari wa ngozi nilitegemea ataniuliza napaka nini, yeye akaniuliza naosha na nini na nakaa wapi. Hapo ndipo nikaelewa. Tabaka la juu kabisa la ngozi ni kama ukuta wa matofali, matofali ni seli zilizokufa na udongo unaoyashikilia ni mafuta, na karibu nusu ya mafuta hayo ni seramidi, mengine kolesteroli na asidi za mafuta. Ukuta ukiwa mzima maji ya ndani hayatoki ovyo. Sasa sabuni ya kipande ya kawaida ina pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, kama 9 mpaka 10 wakati ngozi ya uso inakaa karibu na 5, mimi naikwangua mara tatu kwa siku halafu nakwenda kukaa kwenye upepo mkavu, ule udongo ungebaki vipi? Shida yangu haikuwa kukosa maji, shida ni maji yalikuwa yanavuja. Na hata kunywa maji nilikunywa jamani, mpaka nikawa sikai mezani kwa kwenda haja ndogo, ngozi haikubadilika chochote. Maji kunywa ni lazima ila kama mwili wako hauna upungufu, kuongeza chupa juu ya chupa hakujazi ngozi ya juu.

Basi utaratibu ukabadilika hivi. Asubuhi naosha kwa maji matupu ya uvuguvugu, usiku kwa kioshea uso laini kisicho na povu jingi, na mchana ofisini siugusi uso kabisa. Nikishaosha nakausha kwa kugusagusa na taulo, sisugui, halafu krimu naipaka ngozi ikiwa bado ina unyevu, sisubiri ikauke. Hili la unyevunyevu msilidharau, wiki ya kwanza nilikuwa napaka kwenye ngozi iliyokauka na sikuona tofauti ya maana, nilipoanza kupaka ndani ya dakika mbili tatu za kuosha nikaona krimu ileile inafanya kazi tofauti kabisa. Ndani yake kuna gliserini inayoshika maji, na petroliamu jeli kidogo ya kuyafunika yasitoke.

Siku tatu za mwanzo ilinichoma kidogo kwenye kona za pua, kama nusu dakika hivi halafu inapoa. Daktari alishanionya kwamba penye mipasuko inaweza kuchoma, ila kama ingekuwa inawasha mfululizo au uso unavimba na kuwa mwekundu niache mara moja. Na kabla ya yote nilikuwa nimeijaribu ndani ya kiwiko siku kadhaa, naomba na wewe ufanye hivyo, hasa kama umewahi kubabuka na kipodozi. Isiyo na manukato ni bora kwa sababu manukato ni moja ya vitu vinavyosababisha sana mzio wa ngozi.

Vigamba viliisha karibu wiki ya pili. Ile hali ya kuvuta saa sita mchana ilichukua muda mrefu zaidi, mwezi na kitu, na ndio maana huwa naumia nikiona mtu anatupa krimu baada ya siku nne anasema haifanyi kazi, tabaka la juu la ngozi linajibadilisha kwa kama mwezi mzima hivi, lipe muda. Na kingine ambacho sikukitegemea, lile paji la uso nalo likapunguza kung'aa nilipoacha ile sabuni.

Kasoro zake sasa. Ya kwanza na kubwa ni kwamba inagombana na sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua. Ukipaka krimu kisha sanskrini juu yake haraka haraka zinajikunja zote mbili, zinatoa vijipande vyeupe kama uchafu wa kifutio, unafika kazini vimeganda kwenye nywele za pembeni. Nimejifunza kusubiri dakika kumi na kupapasa badala ya kusugua, inapunguza ila haiishi. Na sanskrini siwezi kuiacha kwa sababu upande wangu wa kulia ni dirisha kubwa. Kioo cha kawaida kinazuia sehemu kubwa ya UVB, mionzi ya jua ile inayounguza, ila UVA, mionzi mingine ya jua, nyingi inapita, kwa hiyo huungui na husikii chochote huku madoa yanakolea polepole. Natumia ya SPF 30 (SPF ni kipimo cha nguvu ya kukinga jua) iliyoandikwa kwamba inakinga UVA na UVB zote. Zile krimu za kujikinga na mwanga wa kompyuta sinunui, mwanga wa skrini ni mdogo mno ukiulinganisha na jua la dirishani.

Kasoro ya pili ni pampu, inaacha krimu nyingi chini, nililazimika kuikata chupa kwa mkasi na nikapata ya kutosha karibu wiki nzima.

Mikono nayo niliisahau muda mrefu. Sanitaiza na kunawa mara kwa mara vilikuwa vimenipasua kwenye viungo vya vidole, nikawa naona aibu kumpa mtu mkono. Krimu hiihii nimejaza kwenye tyubu ndogo iko droo ya juu, kila nikitoka kunawa napaka, haichukui hata sekunde kumi. Midomo napaka petroliamu jeli tu, na nimejizuia kuilamba, mate yanaikausha zaidi.

Nilinunua pia kile kifaa kidogo cha mezani cha kutoa mvuke. Kwenye ukumbi mkubwa wa watu wengi hakifanyi cha maana, mvuke wote unachukuliwa na AC, halafu lazima ukioshe na kubadilisha maji kila siku la sivyo kinaota uchafu na unaupuliza hewani watu wavute. Nimekiacha. Kilichosaidia kweli, na hakikunigharimu kitu, ni kumuomba fundi aelekeze mabawa ya AC juu kwenye dari badala ya usoni kwangu. Siku hiyohiyo jicho la kushoto likaacha kukauka. Dada tunayekaa naye meza jirani akaniambia hata yeye alikuwa anaumia muda wote huo, alikuwa anaogopa kusema.

Mwenye chunusi zenye usaha au pumu ya ngozi asinifuate mimi moja kwa moja, aanzie kwa daktari, hali yake inaweza kutaka dawa kwanza na krimu baadaye. Ila kama tatizo lako ni lile langu, asubuhi uko vizuri na jioni umepauka na vigamba juu, hii krimu naipa nyota nne kati ya tano na moyo wangu mweupe kabisa. Ile ya tano nimeizuia kwa sababu ya vile vijipande. Wiki hii nimebadilisha sanskrini, nimechukua ya jeli nyepesi, leo ni siku ya tatu na nywele za pembeni bado ziko safi.