Kituo cha Mitaka, Tokyo: asubuhi unakwenda kazini umekaa

Naishi Mitaka, magharibi ya Tokyo, na ofisi yangu iko Otemachi, katikati kabisa ya jiji. Wenzangu wakiniuliza kwa nini nimepanga mbali hivyo, nawajibu kwamba huku napata siti.

Wa Dar mtanielewa upesi. Ule mtindo wa kugeuza na daladala, mtu anapanda linaloelekea mwisho wa ruti ili likirudi awe ameshakaa, hapa hauhitajiki, maana Mitaka ndiyo mwisho wa ruti. Treni nyingi za njano za Chuo-Sobu, pamoja na zile zenye mstari wa samawati zinazoingia chini ya ardhi kwenye njia ya Tozai, zinaanzia hapa, karakana ikiwa palepale magharibi ya kituo. (Karakana hiyo ina historia nzito: tarehe 15 Julai 1949 treni isiyo na dereva ilichomoka humo, ikaingia kituoni kwa kasi na kuua watu 6.)

Mimi hupanda ya samawati, inanifikisha Otemachi bila kubadilisha. Unapanga foleni kwenye alama zilizochorwa jukwaani, milango ikifunguka unaingia taratibu. Siti za pembeni, jirani na mlango, ndizo huisha kwanza. Zina ubao wa kuegemeza bega, na utakuta mtu ameshasinzia treni haijaondoka bado. Ukiona zimejaa, hakuna haja ya kusukumana. Subiri treni inayofuata, hutangoja sana.

Wageni wengi hukimbilia treni ya rangi ya chungwa, ile ya haraka ya njia ya Chuo, ambayo asubuhi hufika hapa ikiwa imeshashiba watu wa Tachikawa na Kokubunji. Haraka yenyewe ni ya jina tu kama unaishia Shinjuku, kituo kikubwa cha njiani kuelekea katikati ya jiji. Siku za kazi inasimama Kichijoji, Nishi-Ogikubo, Ogikubo, Asagaya, Koenji na Nakano, kama ya njano tu. Ya njano inaongeza Higashi-Nakano na Okubo, basi. Kwa vituo viwili hivyo, mimi nikae zangu. Ukibahatika kuipata ile ya haraka maalumu, inayosimama Nakano peke yake kabla ya Shinjuku, hapo sawa, simama.

Kama ni kukipa kituo hiki nyota, moja naipunguza kwa ajili ya jioni, kwani ukirudi na wewe ni abiria kama wengine, utaning'inia hadi watu waanze kushuka. Halafu nauli ya kupitia Tozai ni ya kampuni mbili zikijumlishwa. Kama mwajiri wako halipii tiketi ya mwezi, piga hesabu kwanza.

Wikiendi shuka mlango wa kusini ufuate njia ya miti kandokando ya Tamagawa Josui, mfereji uliochimbwa mwaka 1653 kupeleka maji Edo, jina la zamani la Tokyo. Mfereji huo unapita chini ya kituo chenyewe, na ukiufuata utafika bustani ya Inokashira.

Kwa anayetafuta nyumba: kutoka mlango wa kaskazini unaingia Musashino, ambao ni mji mwingine wenye halmashauri yake. Angalia anwani vizuri kabla hujaenda kuandikisha makazi.