Miezi 4 na Kinect katika msana wa nyumba yetu, Lamu

Daktari aliponipima na kukuta presha yangu imefika 148 kwa 92, alinipa vidonge na kuniagiza nitembee haraka nusu saa kwa siku, siku 5 kwa wiki, ili nitimize zile dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani limeziweka kuwa kiwango cha chini kwa mtu mzima. Anayeijua Mkomani, mtaa wetu wa mji wa kale, ataelewa shida yangu: vichochoro ni vyembamba, punda wa mizigo hawampishi mtu, na kila baada ya hatua 20 hukutana na mtu wa kuamkiana naye, nasi hatuamkiani kwa neno moja.

Ndipo mpwa wangu aliyeko Mombasa akaninunulia Xbox 360 kuukuu, mashine ya michezo ya video inayounganishwa na televisheni, pamoja na Kinect, ile kamera inayousoma mwili wa mchezaji bila yeye kushika chochote, kwa shilingi 18,000. Kinect ilitoka mwaka 2010 na haitengenezwi tena tangu 2017, kwa hiyo anayeitaka hununua mtumba. Muuzaji hakututilia waya wa umeme ambao Xbox za mwanzo huhitaji kwa ajili ya kamera hiyo, kisha akawa hapokei simu. Nilikaa wiki 3 nikiitazama tu.

Nafasi ilinitia hofu, kwa kuwa upana wa vyumba vyetu hufuata urefu wa boriti za mikoko na wetu haufiki mita 3, lakini msana, yaani ukumbi wa nyumba zetu za Lamu, ni mrefu, na kamera huhitaji umbali wa kiasi cha mita 2 mbele yake. Kilichonishinda mwanzoni ni dera. Nikiwa nimelivaa, yule mtu wa kwenye kioo cha televisheni anayeniiga alikuwa akitetemeka mguu mmoja na kuupoteza wa pili, mpaka nilipofunga mlango nikavaa suruali na fulana.

Je, moyo hufanya kazi kweli? Nilihesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa 4. Kwa umri wangu wa miaka 48, kilele cha mapigo kwa dakika kinachokadiriwa kwa kutoa umri katika 220 ni 172, na mazoezi ya wastani huanzia kama 110. Katika michezo ya Kinect, kuvingirisha tufe kulinipa 84, ambayo ni sawa na kufagia ua. Kucheza ngoma kulinifikisha 120. Ndondi ndizo zenye hila, kwa sababu kamera hujali ngumi zaidi: nilishinda mapambano 3 nikiwa wima kama nguzo, mapigo 96, ilhali nilipokunja magoti na kurukaruka yalifika 128, na alama za mchezo hazikubadilika sana.

Kuruka huko kulizua jambo jingine. Mavyaa hulala chini yetu, na siku ya pili aliniita akiwa na vumbi la chokaa kwenye ushungi: "Mwanangu, huko yuu mwatwanga nini?" Tangu hapo hucheza baada ya alasiri, yeye akiwa barazani.

Presha sasa ni 136 kwa 84, ingawa vidonge sikuviacha na achari nimeipunguza, kwa hiyo siwezi kuipa mashine sifa zote. Umeme ukikatika hupanda na kushuka ngazi za nyumba mara 10, na mapigo hufika 124, kwa ngazi zilizojengwa kabla babu yangu hajazaliwa.