Revolva za kopi za bei ya chini hapa Lubumbashi: angalieni nyundo kwanza, nikeli baadaye

Batu ya teatre na ya filme banauliza sana bastola gani inafaa kushikwa na mwigizaji bila kumaliza kase ya kikundi, basi naandika yote mara moja. Kazi yangu ni bintu vya jukwaani, na mukononi niko na kopi mbili za Colt Single Action Army, ile revolva ya zamani ya Marekani, zote ni za kuonyesha, hazipigi risasi, mtutu umefungwa kwa ndani. Kuna za Italia kama za Uberti na Pietta, zile zinapiga kweli, ni silaha kamili na ziko na sheria yake, hizo siziongelei hapa.

Ile ya asili ni ya 1873, jeshi la Marekani njo liliichukua, matundu sita, na kila mara lazima uvute nyundo (ile ya nyuma inayopiga risasi) na kidole gumba ndipo silinda, kile cha mviringo chenye matundu, inazunguka. Gasheti, ile ya kufyatua na kidole, kazi yake paka kuachilia nyundo. Kwa siye wa jukwaani hiyo ni mali, juu pale mwigizaji anavuta nyundo pole pole sale yote inanyamaza, wanangojea ile sauti. Ya asili ukiivuta vizuri inalia mara nne, na pale nyundo iko katikati silinda inazunguka bure ili uweke risasi kupitia kamulango ka upande wa kuume.

Sasa ile ya kwanza, ya nikeli, ya kung'aa, maua yamechorwa mupaka kwenye mpini, tuliuziwa dola 45 kwenye duka moja la mjini na muuzaji hakutaka tuivute mbele yake, eti itakwaruzika. Nyumbani nikaishika karibu na sikio: nyundo inalia mara moja tu, hakuna kusimama katikati. Silinda ukiishika na vidole mbili inacheza kushoto na kuume hata nyundo ikiwa imevutwa yote. Chini ya gasheti kuna mstari ulioachwa na muldi (kalibu), haukupigwa hata tupa, unakwaruza kidole. Na kile kachuma kanachofunga silinda kanapanda mapema mno, kamechora duara lote kuzunguka silinda, hiyo njo alama ya kwanza mtafute popote mnanunua, juu kama duara limechoreka kwenye kopi mpya basi vipande vya ndani haviendi pamoja. Mazoezi kidogo tu, resori ya kusukuma silinda ikalegea, tundu linasimama kando ya mtutu, na mutu wa mstari wa mbele anaona kabisa. Fundi wa masaa akatutengenezea ingine, alifanya kazi safi lakini pesa ikaongezeka.

Ya pili ni ya Uhispania, nyeusi isiyong'aa, dola 80, ukiiona kwenye meza utaipita. Lakini nyundo inasimama pa mbili, ya katikati na ya mwisho, silinda inafunga inatulia kabisa, mpini ni mbao na ukipitisha kucha kati ya mbao na chuma kucha haiingii. Mavisi yake vichwa ni vizima, ile ya nikeli vilikuwa vimeshaumwa na turnevisi mbele hata tuinunue, yani kuna mutu alishaifungua. Uzito wa ile nyeusi ni karibu kilo moja, kama ya kweli, na hiyo inasaidia mwigizaji kuliko rangi yoyote, mukono unashuka wenyewe vile unapaswa kushuka.

Zote mbili sumaku haishiki mwili wake, juu ni zamaki, zenki iliyochanganywa na aluminiamu na shaba kidogo (zenki, ile ya Kipushi, siye wa huku tunaijua). Si kasoro kwa bei hii, lakini zamaki haivumilii kama asie, basi musiachie nyundo ipige bure bure kila dakika, ishushe na kidole. Na kama kuna mutu anakudanganya kwamba mtutu unaweza kutobolewa ili ipige, kataa, hiyo metali itapasuka usoni mwa mutu. Kusafiri nayo ni ndani ya sanduku lililofungwa na barua ya kikundi, hata kama ni mwendo wa Katuba mupaka mjini, juu kwa macho ya polisi iko bastola.

Kitu kimoja kinanisumbua kwa ile nyeusi: kafimbo ka kutolea maganda chini ya mtutu kamegandishwa, hakasukumiki, kwa hiyo sceni ya kutoa maganda moja moja hatuwezi kuifanya karibu na kamera. Kwa dola 80 ningependa kasogee. Hata hivyo njo hiyo ningenunua tena, na ile ya nikeli sasa inabebwa na mwigizaji wa sherifu (mkubwa wa polisi) anayekaa kule nyuma jukwaani, kwenye mukanda, haivutwi.